Mzee wa Kanisa na Mzee Kanisani: Uhakiki wa Fungu Lililokosekana katika Mafundisho Yetu

1. Neno na matumizi yake

Katika lugha ya Kiswahili neno "mzee" hubeba maana tatu kwa wakati mmoja. Humtaja mtu aliyeishi miaka mingi. Humtaja mzazi, kama mtu asemapo, "Mzee wangu yuko Kimamba." Tena ni jina la heshima apewalo mwenye madaraka, hata kama kichwani hana unywele mmoja mweupe. Kanisa lilipoingia katika lugha hii halikuunda neno jipya kwa ajili ya wale wanaomsaidia mchungaji kuutunza usharika. Lilichukua neno lililokuwapo, likaliongezea jina lake, likasema "mzee wa kanisa".

Leo hii katika sharika za Kilosa na Mikumi, kama kwingineko katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mzee wa kanisa aweza kuwa mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka thelathini na mitano, au mama mfanyabiashara wa miaka arobaini. Yeye huhesabu sadaka, huketi barazani, husimama mbele ya usharika. Nyuma yake, karibu na mlango, ameketi bibi wa miaka themanini aliyebatizwa kabla ya baba wa mwalimu yule hajaoa. Bibi huyu jina lake halimo katika orodha yoyote ya huduma, isipokuwa orodha ya wasiojiweza.

Makala hii ina hoja moja. Tumeipa ofisi heshima iliyokuwa ya umri, kisha wenye umri tukawaachia huruma peke yake. Maandiko Matakatifu huwapa wazee zaidi ya huruma: huwapa kazi, tena kazi ya kufundisha. Sisemi hivyo ili vijana waondolewe barazani. Timotheo mwenyewe alikuwa kijana. Nasema hivyo kwa sababu mafundisho yetu yana fungu lililokosekana, na upungufu huo una madhara yanayoonekana katika nyumba za Wakristo wetu.

2. Ushuhuda wa tafsiri zetu

Tuanze na Biblia yenyewe. Katika Kiyunani cha Agano Jipya yako maneno yanayokaribiana sana. Neno presbuteros laweza kuwa na maana ya mtu aliyetangulia kwa umri, au ya mwenye ofisi katika kusanyiko. Neno presbutes humtaja mwanamume mzee, na presbutis mwanamke mzee, bila kutaja ofisi. Katika waraka kwa Tito maneno haya yanafuatana kwa karibu: Tito 1:5 yahusu wale watakaowekwa katika kila mji, na Tito 2:2-3 yahusu wanaume na wanawake walioishi miaka mingi.

Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952 na ambayo ndiyo isomwayo madhabahuni katika sharika zetu nyingi, hutumia neno "mzee" mahali pote pawili. Hata mtume Paulo anapojitaja katika Filemoni 9, neno ni hilo hilo. Na katika 1 Timotheo 5 mlango unaanza na mzee wa umri, kisha katika aya ya 17 unafika kwa mzee wa ofisi, na msomaji wa Kiswahili haoni mpaka ulipo.

Wako wanafunzi wa Kiyunani wanaoona jambo hili kuwa ni udhaifu wa tafsiri. Husema kwamba neno moja limefunika maneno mawili, na kwamba yafaa tuwe na neno la pekee kwa ajili ya ofisi. Kwa upande mmoja wana haki, maana mhubiri asiyejua tofauti hiyo aweza kuwapa wajumbe wa baraza agizo lililokusudiwa kwa babu na bibi zao. Lakini kwa upande wa pili naona kwamba Kiswahili kimehifadhi kitu ambacho lugha nyingine zimekipoteza. Ofisi ya mzee ilizaliwa kutoka katika nyumba. Katika Israeli, kama katika Ukaguru, mzee wa mji kwanza alikuwa mzee wa jamaa, mtu ambaye maneno yake yalikuwa yamejaribiwa na miaka. Msikilizaji wa Kiswahili asikiapo "wazee" katika Tito 1 na tena katika Tito 2, hana budi kuuliza kama watu hawa wawili hawahusiani.

Lipo jambo jingine katika tafsiri hiyo lisilopasa kupita bila kuangaliwa. Katika Tito 2:3 watafsiri hawakuandika "vikongwe" wala "vizee". Waliandika "wazee wa kike". Lugha yetu ina maneno mengi kwa mwanamke aliyezeeka, na mengi kati ya hayo humpunguza: ajuza, kikongwe, bi kizee. Kiambishi ki- humwondoa mtu katika ngeli ya watu na kumweka miongoni mwa vitu. Magazeti yetu yameandika kwa miaka mingi juu ya "mauaji ya vikongwe" huko Shinyanga na Mwanza, ambako wanawake wazee waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Hata habari iliyokusudia kuwatetea ilikuwa imekwisha kuwapunguza kwa jina. Tafsiri ya Tito iliwarudisha wanawake hao katika ngeli yao, ikawapa neno lile lile wapewalo wanaume wa baraza. Kisha mtume akawataka wawe walimu wa mema. Mstari huo twausoma kanisani, lakini ni usharika gani umewahi kuwaweka wazee wa kike kufundisha kwa sababu ya mstari huo?

3. Katekisimo na fungu lisilokuwamo

Sisi Walutheri, tunapotaka kujua kila mtu ana wajibu gani mahali alipowekwa na Mungu, hurudi kwenye Katekisimo Ndogo. Martin Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya ukaguzi wa sharika za Saksonia kuonyesha jinsi watu walivyokuwa hawajui hata Amri Kumi. Mwishoni mwa kitabu, katika maandishi yaliyoingizwa baadaye katika Kitabu cha Concordia cha mwaka 1580, iko orodha ya maneno ya Maandiko kwa watu wa kila hali. Wamo wachungaji na wasikilizaji wao, wenye mamlaka na raia, waume, wake, wazazi, watoto, watumishi na mabwana. Kisha liko fungu la vijana kwa jumla, liko fungu la wajane, na mwisho liko la watu wote.

Msomaji aichunguze orodha hiyo kwa makini. Vijana wana fungu lao, nao wanaagizwa kwa maneno ya 1 Petro 5 wawatii wazee. Lakini wazee hawana fungu. Tito 2:2-3, maneno yaliyo wazi kuliko yote juu ya mwenendo na kazi ya wazee, hayakuchukuliwa. Aliye karibu nao ni mjane, naye anaonyeshwa kwa 1 Timotheo 5:5-6 akiwa mtu wa kuomba usiku na mchana. Sala hiyo ni kazi kubwa, na sitaki kuidharau. Hata hivyo, katika mlango huo huo, aya ya 9 na ya 10, mjane aliyefikisha miaka sitini huandikwa katika orodha, na sifa zake ni kulea watoto, kukaribisha wageni, kuosha miguu ya watakatifu, kuwasaidia walioteswa. Orodha ya namna hiyo inamtazama mjane kama mtenda kazi pia. Luther alinukuu aya zilizotangulia na hakufika huko.

Je, ni haki kumlaumu Luther? Yapasa tumsome kwa haki. Alitunga orodha fupi kwa watu wasiojua kitu, wala hakukusudia kumaliza kila hali ya maisha. Tena katika Katekisimo Kubwa, akieleza amri ya nne, alifundisha kwamba heshima ni kubwa kuliko upendo, na kwamba wazazi wapaswa kuheshimiwa hata wakiwa maskini, dhaifu na wenye tabia ngumu. Mafundisho hayo yametulinda. Lakini angalieni mahali anapowekwa mzee katika mafundisho hayo: yeye ndiye anayepokea. Mtoto ana wajibu, mzee ana haki. Katekisimo zote mbili zatuambia kwa ukamilifu tumfanyie mzee nini; hazisemi kwa ukamilifu huo huo mzee alifanyie Kanisa nini. Pengo hilo sisi tumelirithi, tukalipanua. Katika sala ya Kanisa tunawataja wazee pamoja na wagonjwa, yatima na wafungwa, kana kwamba umri ni mkosi.

Hata hivyo Luther mwenyewe ametuachia ufunguo. Sehemu kuu za Katekisimo Ndogo zimeandikwa ili baba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Kwa hiyo swali la Katekisimo siku zote ni hili: katika nyumba hii, mwenye nyumba ni nani? Swali hilo tuliulize Kilosa na Mikumi.

4. Mwenye nyumba ni nani?

Wilaya ya Kilosa ni nchi ya watu waliokuja na ya watu waliokwenda. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilipita hapa. Na treni ya reli mpya iliyoanza kusafirisha abiria hadi Dodoma mwaka 2024 inapita hapa pia. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na jirani zake yaliwavuta vibarua, wale walioitwa manamba, kutoka pande za mbali za nchi na hata kutoka nje yake. Mkonge ulipoanguka bei, wengine walirudi makwao na wengine wakabaki. Kati ya waliobaki wako waliozeeka mbali na ukoo wao, katika nchi ambayo Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wenyewe huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mzee wa namna hiyo hana mpwa wa kumzika. Asipokuwa na usharika, hana mtu. Mkoani kwetu yako makazi ya serikali ya kuwatunza wazee wasio na jamaa, Fungafunga mjini Morogoro. Lakini nyumba moja haiwezi kuwa jibu la mkoa mzima.

Mikumi ina hali nyingine. Mji umekua kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, jirani na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Vijana wanatafuta kazi katika hoteli, katika magari ya mizigo, katika mashamba ya miwa upande wa Kidatu, au wanapanda basi kwenda Dar es Salaam. Ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ulisafiri katika barabara kuu za nchi hii na kuacha mayatima kando yake. Nani aliwalea? Kila mchungaji aliyehudumu katika miji ya barabarani anajua jibu. Ni bibi. Ndiye aliyewapeleka shule, ndiye aliyewaleta kwenye ubatizo, na ndiye aliyeitwa barazani mtoto alipokosa mafundisho ya kipaimara. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi kuwa wapatao milioni 2.5, yaani asilimia 5.6 ya Watanzania. Ni sehemu ndogo ya taifa, lakini tukihesabu watoto waliolelewa na mikono yao, hesabu itabadilika.

Basi mwenye nyumba katika maana ya Katekisimo ndiye huyo. Yeye ndiye mtu ambaye Luther alimwandikia kitabu, ingawa hakumwona. Na utamaduni wa nchi hii umemwekea njia ya kufundisha ambayo wazazi hawana. Mwanaanthropolojia Mmarekani T. O. Beidelman, aliyeanza utafiti wake Ukaguru mwaka 1957, aliandika kwa kirefu juu ya utani wa Wakaguru, ukiwamo ule ulio kati ya babu au bibi na wajukuu. Baba na mwana hutenganishwa na heshima na woga. Yako mambo ambayo baba hawezi kuyataja mbele ya mwanawe wala mwana kuyauliza. Bali babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", na bibi humwita wa kiume "mume wangu", na katika mzaha huo maneno mazito ya ndoa, kifo na tabia hupita bila kuumiza mtu. Mwinjilisti wetu hufundisha amri ya sita darasani kwa sauti ya shule, na vijana huinamisha vichwa. Bibi angeweza kuifundisha jikoni wakacheka, na maneno yake wangeyakumbuka hadi uzeeni. Mbona hatukumwomba?

Wamasai wa Parakuyo, ambao wengi wao ni Walutheri na ambao kijiji chao chenye jina hilo kimo Kilosa, wanatufundisha jambo la pili. Kwao mtu haingii uzeeni peke yake. Huingia pamoja na rika lake, kwa hatua inayojulikana, na akifika huko hupewa kazi: kusema katika mkutano, kupatanisha, kuwashauri na kuwazuia vijana. Mwezi Desemba 2000, katika ugomvi wa wafugaji na wakulima, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani humu. Visa vya namna hiyo vina sababu nyingi za ardhi, maji na utawala, wala sidai kwamba wazee peke yao wangeweza kuvizuia. Nasema tu kwamba jamii ambayo sauti ya mzee imenyamaza imepoteza kizuizi kimoja, na Kanisa lenye wazee wa pande zote mbili katika usharika mmoja limekabidhiwa kitu ambacho mkuu wa wilaya hana.

5. Onyo: tusiirudie mila kwa macho yaliyofumbwa

Hapa yafaa nijibu pingamizi moja. Msomaji aweza kudhani kwamba nasifu mila na kutaka turudi kwenye utawala wa wazee. La, hasha. Katika nchi hii mzee aliheshimiwa pia kwa sababu aliogopwa. Alikuwa karibu na mizimu. Tambiko la mvua na la kuitakasa nchi lilikuwa mikononi mwa wakubwa wa ukoo. Mahari na ndoa zilipita kwao. Wamisionari wa CMS, walioanza kazi Mamboya karibu na mwaka 1880, waligongana mapema na mamlaka hayo. Heshima iliyojengwa juu ya woga ina upande wake wa giza: aogopwaye kwa kuwa karibu na wafu ni mwepesi kushtakiwa kuwa anaua. Beidelman huyo huyo ameandika jinsi hofu ya uchawi ilivyokuwa ndani ya jamaa za Wakaguru. Na mtu atokaye Mikumi akishika njia ya Ifakara hadi Ulanga, atafika katika nchi ambayo Maia Green aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 2003, ambako walioshtakiwa uchawi, pamoja na washtaki wao, walikwenda kunyolewa nywele na kupewa dawa ili wakubalike tena kijijini. Tujiulize: Mkristo mzee akishtakiwa na wajukuu wake mwenyewe na kukubali kunyolewa apate amani, Kanisa lake lilikuwa wapi siku ile?

Kwa hiyo Injili haimrudishii mzee kiti cha zamani. Inampa kiti kingine. Biblia ina wazee waliokosea: Eli aliyeshindwa na wanawe, Sulemani ambaye uzee ulimgeuza moyo. Elihu katika Ayubu 32 athubutu kusema kwamba miaka mingi si hekima yenyewe. Upande wa pili yuko Rehoboamu wa 1 Wafalme 12, aliyeacha shauri la wazee akaupoteza ufalme. Maandiko yana sauti zote mbili, na mhubiri aliye mwaminifu hachagui moja.

Mfano ninaouona kuwa bora ni Barzilai Mgileadi katika 2 Samweli 19. Ana miaka themanini. Alimlisha Daudi wakati wa shida, naye mfalme anamwita akae naye Yerusalemu. Barzilai anakataa: ladha ya chakula haimfikii tena, wala sauti ya waimbaji. Anajua alivyo, na hana haya kusema. Lakini haishii hapo. Anamleta Kimhamu mbele ya mfalme, aende badala yake. Mzee huyu hakung'ang'ania nafasi, wala hakuondoka mikono mitupu. Alitumia heshima yake ya mwisho kumfungulia kijana mlango. Wale kati yetu wanaosema kwamba wazee huzuia vijana, na wale wanaosema kwamba vijana huwasukuma wazee, wote wamsome Barzilai.

6. Lipi litendeke?

Makala ya uhakiki isiyofika usharikani ni maneno matupu. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, mafundisho ya kipaimara. Kila mwanafunzi aagizwe kujifunza sehemu moja ya Katekisimo kwa mzee wa nyumbani kwake au wa mtaa wake, na mzee huyo aitwe siku ya mtihani akae karibu na mchungaji. Asiyejua kusoma asiachwe. Wazee wengi wanaijua Katekisimo kwa kichwa kuliko sisi tuliosoma. Hilo litamrudishia mwenye nyumba kitabu chake.

Pili, Meza ya Bwana kwa wasioweza kufika kanisani. Mara nyingi tunakwenda haraka, tunasoma, tunagawa, tunaondoka. Mchungaji aketi. Amwombe mzee auombee usharika kwa kutaja majina, na majina hayo yasomwe Jumapili. Mjane wa 1 Timotheo 5:5 anayo kazi. Sisi ndio tulioacha kumpelekea habari za kuombea.

Tatu, sadaka na wajibu wa jamaa. Katika Marko 7:9-13 Bwana Yesu anawakemea wanaotangaza mali kuwa korbani ili wasiwatunze wazazi. Tunapofanya harambee za majengo na kusoma majina ya watoaji, tuwe na ujasiri wa kuwauliza watu wetu walioko mijini kama mama zao kijijini wamekula. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuanzia miaka 60, inaitaja familia kuwa msingi wa matunzo. Zanzibar ilipiga hatua mwezi Aprili 2016 kwa kuanza kumlipa kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Hatua za namna hiyo ni njema, na Kanisa lizitetee. Lakini serikali haiwezi kumpa mzee nafasi katika mwili wa Kristo. Hiyo ni kazi yetu peke yetu.

Nne, mashtaka ya uchawi. Mchungaji na wazee wa kanisa wafike siku ya kwanza minong'ono inaposikika, wasingoje maziko. Wakae nyumbani kwa anayeshtakiwa, wale chakula chake mbele ya majirani. Kitendo hicho kitahubiri kuliko mahubiri matatu. Na hapa ndipo mzee wa ofisi na mzee wa umri wanapokutana: yule mwalimu wa miaka thelathini na mitano amepewa jina la bibi huyu; basi na alilinde jina hilo kwa kumlinda mwenye nalo.

7. Wimbo wa Simeoni

Tunapoimba wimbo wa Simeoni, tunadhani tunaimba wimbo wa mzee sana. Lakini Luka hakutaja umri wake. Umri alioutaja ni wa Ana, mjane wa miaka themanini na minne, na yeye alisimuliwa kwa kitendo: aliwaeleza habari za mtoto wote waliokuwa wakiungojea ukombozi wa Yerusalemu. Kwa maneno mengine, mtu ambaye miaka yake imehesabiwa katika habari ile ndiye aliyetoka akahubiri. Luther hakumwekea fungu katika orodha yake, nasi hatujamwekea katika zetu. Injili imemwekea aya tatu, Luka 2:36-38, na hizo zatosha kuanzia.

Wanafunzi wa chuo hiki wanaokwenda sharikani kwa mazoezi na wachukue kazi hii: waandike, kwa maneno ya wazee wenyewe, fungu hilo lililokosekana. Waulize katika Kilosa, katika Mikumi, katika Kimamba na Parakuyo: Mungu amekuwekea kazi gani sasa? Majibu yatakuwa mengi kuliko tunavyotazamia, na baadhi yake yatatuhukumu.